Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto, hifadhi au kampuni ya ulinzi? Maslahi yao yakiwekwa pamoja, kwa kijana wa Arusha na Moshi

Tangazo la ajira za askari likitoka, kuanzia Pasua mpaka Sakina swali ni moja: "Wanalipa ngapi?" Ni swali la haki, ila likiulizwa peke yake linapotosha. Askari wawili wa cheo kimoja wanaweza kuwa na mshahara unaolingana mpaka shilingi ya mwisho, halafu mmoja akafunga mwezi akiwa na akiba na mwenzake akaanza kukopa nauli tarehe 15. Kinachowatenganisha ni nyumba, chakula, makato, na mahali alipopangiwa kila mmoja. Nitayapima hayo zaidi kuliko mshahara, kwa sababu ndiyo yanayomuumiza au kumwokoa kijana anayeanza.

Kuna dhana moja ya kuondoa mapema. Watu husikia kwamba polisi wa mji mkubwa analipwa zaidi ya polisi wa mji mdogo. Kwa Marekani ni kweli. Kule kuna vyombo vya polisi takriban 18,000, vya miji, kaunti na majimbo, na kila kimoja kinajipangia mshahara, bima na pensheni kadiri ya kodi inayokusanywa pale. Karibu nusu ya idara za polisi za miji na vijiji vyao zina askari wasiofika kumi. Kijana wa kule anaweza kweli kukaa chini akalinganisha idara kubwa na ndogo, akaomba ile inayolipa. Hapa kwetu Jeshi la Polisi ni moja nchi nzima, chini ya mkuu mmoja, IGP, na mlipaji ni mmoja. Konstebo wa Kituo Kikuu cha Arusha na konstebo wa Loliondo wako kwenye ngazi moja ya mshahara. Ukubwa wa kituo haugusi slipu yako, unagusa mambo mengine yote.

Slipu ya mshahara ikoje

Kinachopandisha mshahara wa polisi ni cheo na miaka ndani ya cheo. Ngazi za chini ni konstebo, koplo, sajenti, stesheni sajenti na sajenti meja. Juu yake wanaanza wakaguzi: mkaguzi msaidizi, mkaguzi, kisha warakibu na makamishna. Mwenye shahada naye anaanzia depo kama kuruta. Elimu inamsaidia baadaye kwenye kupanda, haimpi nyota siku ya kwanza. Nalisema kwa sababu kila mwaka nakutana na mzazi anayeamini mwanawe mwenye digrii atatoka CCP, chuo cha polisi cha Moshi, akiwa afisa.

Tuchukue mfano wa namba inayojulikana. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Sisemi askari yuko hapo hapo, kwani kila jeshi lina ngazi zake, lakini hesabu ya makato inakwenda kwa njia ileile. Kwenye 500,000, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 25,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15 kwenye mfuko wako. Kodi inapigwa kwenye 475,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazikatwi, zinazofuata zinakatwa asilimia 8, kwa hiyo unalipa 16,400. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3 kwako, 15,000, na mwajiri anaweka nyingine kama hiyo. Mkononi zinabaki 443,600.

Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 75,000. Sasa uko 368,600. Hapo ndipo wenye shahada wanaoingia kwenye ngazi za chini wanaposhangaa: mwenzake wa kidato cha nne, cheo kimoja, kituo kimoja, anapokea zaidi yake.

Juu ya mshahara kuna posho, na kwa askari kubwa kuliko zote ni posho ya chakula. Hii ndiyo inayofanya maisha ya askari wa chini yaende, na ndiyo inayowafanya watu mtaani waone polisi "ana hela" kumzidi mwalimu wa ngazi inayokaribiana. Lakini posho haihesabiwi kwenye pensheni. Mchango wa PSSSF unatoka kwenye mshahara wa msingi, na mafao yatakokotolewa humo humo. Anayezoea kuishi kwa jumla ya mshahara na posho anakuja kustuka anapostaafu. Kanuni ya kukokotoa mafao nayo imeguswa mara kadhaa tangu sheria ya PSSSF ya 2018, kwa hiyo hesabu ya babu yako aliyestaafu zamani usiifanye ya kwako. Nenda ofisi ya PSSSF uulize ya leo.

Na mikopo. Askari mpya akishapata namba ya ajira, benki zinamjua kabla hata hajamjua OCS wake, yaani mkuu wa kituo. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki baada ya makato, na wengi wanafika hapo mwaka wa kwanza kwa sababu ya pikipiki au harusi. Polisi wana URA SACCOS yao. Kabla ya kusaini benki, linganisha riba za pande zote mbili.

Kituo kikubwa au kituo kidogo

Hapa ndipo penye tofauti ya kweli, na ndipo vijana wasipouliza.

Anza na nyumba. Kituo cha mjini kina askari wengi kuliko kota. Ukipangiwa Arusha mjini bila kota, unaingia mtaani: Kijenge, Sinoni, Unga Limited, Ngaramtoni ukitaka nafuu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na wapo wasiotaka kabisa mpangaji askari kwa hofu zao. Moshi kodi ni nafuu kidogo, Njoro au Majengo unapata chumba bila kuhangaika sana, ila nayo inapanda. Kota za mjini zenyewe nyingi ni za zamani na zimebanana. Mwaka 2017 moto uliunguza nyumba za askari Arusha, familia zikabaki na walichovaa, na mwaka uliofuata zikafunguliwa nyumba mpya. Ukienda kuripoti, swali la kota liwe la kwanza, na jina lako uliandikishe kwenye orodha ya wanaosubiri siku hiyohiyo.

Kituo kidogo cha wilayani, tuseme Longido au Mwanga, suala la nyumba ni jepesi zaidi. Ama unapata kota, ama unapanga chumba kwa bei ambayo mtu wa Arusha atacheka. Chakula nacho. Posho ya chakula ni ileile kila mahali, lakini ya mjini inamezwa na mama ntilie na daladala, ya Mwanga inabaki. Nimewahi kuona askari wa kituo kidogo ameanza msingi wa nyumba ndani ya muda ambao wenzake wa depo waliobaki mjini walikuwa bado wanahama chumba kwenda chumba.

Sasa upande wa pili. Kituo kikubwa kina vitengo: upelelezi, usalama barabarani, dawati la jinsia na watoto, FFU wa kutuliza ghasia, mawasiliano. Arusha inacho pia kituo cha polisi wa utalii na diplomasia, ambacho hukipati wilayani. Anayejua Kiingereza vizuri, au Kifaransa, au kompyuta, mjini anaonekana haraka. Kozi zinatangazwa, wakubwa wapo karibu, na jina lako linafika kwa RPC, kamanda wa mkoa, bila kupita mikono mitano. Kwenye kituo cha askari wachache utafanya kila kitu wewe mwenyewe: leo kaunta, kesho doria, kesho kutwa unamsindikiza mahabusu mahakamani. Unajifunza kazi nzima kwa muda mfupi, lakini hakuna anayekuona ukijifunza. Kupanda kutoka koplo kwenda sajenti, au kuitwa kozi ya ukaguzi Dar es Salaam, kunahitaji mtu aandike ripoti nzuri juu yako, na ripoti zinaandikwa na wanaokufahamu.

Muda wa kazi ni jambo jingine. Kituo kikubwa kina zamu zinazoeleweka, isipokuwa siku za mikutano ya kimataifa, ambazo Arusha hazikosekani, au siku za uchaguzi na ziara za viongozi. Hapo likizo zinasitishwa na wote mko barabarani. Kituo kidogo hakina zamu ya kweli. Askari wakiwa sita na wawili wako likizo, mmoja mgonjwa, waliobaki watatu ndio mchana na ndio usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile yenye saa 45 kwa wiki na malipo ya ziada, inawaacha nje polisi na magereza kwa maneno ya wazi. Hakuna saa za ziada za kudai, hakuna chama cha wafanyakazi wala mgomo. Malalamiko yanapanda ngazi kwa ngazi kupitia wakubwa. Kama wewe ni mtu wa kudai haki yako kwa sauti, lifikirie hilo kabla ya kuvaa sare.

Posho za safari ziko kwa wingi makao makuu ya mkoa. Tangu Julai 2022 kima cha chini cha posho ya kujikimu safarini kwa watumishi wa umma kilitoka 80,000 kwenda 100,000 kwa siku. Kwenye karatasi ni nzuri. Kwa askari wa chini safari nyingi ni za oparesheni, na malipo yake huwa na kawaida ya kuchelewa, kama yanavyochelewa ya uhamisho na nauli za likizo. Malimbikizo haya ni wimbo wa kila bunge la bajeti. Ukihamishwa, tunza nakala za barua zako zote. Anayelipwa mwisho ni yule aliyepoteza barua.

Wapo watakaokunong'oneza kwamba kituo kikubwa kina "ya barabarani". Hiyo haiingii kwenye ulinganisho wangu. Ni rushwa, TAKUKURU wapo, na kazi yenye pensheni imepotea mara nyingi kwa noti ya elfu tano.

Ukinilazimisha nichague: miaka mitatu ya kwanza kituo kidogo, kisha uombe kwenda kikubwa ukiwa na akiba na ukiwa unaijua kazi. Tatizo ni kwamba huchagui. Tangazo la ajira linakutaka uwe tayari kufanya kazi popote Tanzania, na wanamaanisha. Watoto wa Moshi wanajidanganya sana hapa. Wamekua wakisikia kuruta wakiimba mchakamchaka pale Shule ya Polisi, ambayo watu wazima bado wanaiita CCP, wanadhani watasomea nyumbani na kubaki nyumbani. Unasomea nyumbani, unapangiwa Katavi.

Polisi mbele ya majeshi madogo

Chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuna pia Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji. Kila moja lina Kamishna Jenerali wake, na vyeo vinafanana sana na vya polisi. PSSSF ni ileile, bima ileile, kodi ileile. Ukubwa wa jeshi ndio unaoleta tofauti.

Polisi ni kubwa, linaajiri wengi kwa mkupuo, kwa hiyo mlango wake ni mpana kuliko yote kwa mwenye cheti cha kidato cha nne. Lakini kila cheo kinagombewa na maelfu. Jeshi dogo linaajiri wachache, na ukishaingia mnajuana. Mtu akistaafu juu, inajulikana nani anafuata. Hilo ni zuri kama uko kwenye mstari, na ni baya kama bosi mmoja hakupendi, maana hakuna mkoa wa kukimbilia ambako hajulikani.

Magereza, kwa maoni yangu, ndilo linalodharauliwa bila sababu. Askari magereza mara nyingi anaishi kota ndani ya eneo la gereza. Nenda Karanga pale Moshi au Kisongo, Arusha, uone. Nyumba ikishatoka kwenye bajeti, mshahara mdogo unakuwa mshahara wa kutosha. Kuna shamba, kuna watoto wanakua pamoja, na Karanga ina kiwanda cha bidhaa za ngozi ambacho Magereza wanakiendesha kwa ubia na PSSSF. Gharama yake ni kwamba unaishi kazini. King'ora kikilia saa nane usiku hakijali kama ulikuwa lindo mchana. Na mwenzi wako atahitaji moyo wa kuishi ndani ya uzio.

Uhamiaji ndilo linalokimbiliwa na wenye shahada, na Kaskazini ni eneo lao: Namanga upande wa Longido, Holili na Tarakea upande wa Rombo, uwanja wa KIA, na chuo chao cha kikanda kiko Moshi. Kazi nyingi ni ya ofisini na dirishani, mvua na jua kidogo. Kwa mtu mwenye familia Arusha au Moshi, uwezekano wa kupangwa karibu upo, lakini usiuchukue kama ahadi. Ushindani wa kuingia ni mkali kuliko kwingine kote kati ya haya manne. Namanga nyumba ni ghali kwa mji mdogo, kwa sababu mpaka unaleta watu. Rombo ni tulivu zaidi, na mtu wa Kilimanjaro atalima hata migomba.

Zimamoto ni changa kwa umbo lake la sasa. Sheria yake ni ya 2007, na kabla ya hapo zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri. Vituo ni vichache na viko mijini na viwanja vya ndege, kwa hiyo ukiwa zimamoto nafasi ya kuishi kijijini ndani ni ndogo. Faida kwa anayetaka mji, hasara kwa anayetaka kodi nafuu. Kutukanwa na wananchi kwa kuchelewa na gari lisilo na maji ni sehemu ya kazi, hata kama bajeti ya gari haikupangwa na wewe.

Sare ya kijani: hifadhi

Huku kwetu huwezi kuzungumzia ajira za askari ukaacha hifadhi. Makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yako Arusha, Ngorongoro ina mamlaka yake, Kilimanjaro inaendeshwa kutoka Marangu, Mkomazi iko juu ya Same. TANAPA, Ngorongoro, TAWA ya wanyamapori na TFS ya misitu sasa ziko ndani ya mfumo wa jeshi la uhifadhi, lenye vyeo na nidhamu ya kijeshi. Askari uhifadhi wa leo anapiga saluti kama wa polisi.

Wazee wa Arusha bado wanaizungumzia TANAPA ya zamani, ile iliyokusanya viingilio vya watalii na kuvitumia yenyewe. Posho zilikuwa nono, na mtu akisema mwanawe yuko TANAPA, hakuulizwa swali la pili. Kuanzia Julai 2020 ukusanyaji wa mapato ya TANAPA na Ngorongoro ulihamia TRA, mamlaka ya mapato, na fedha zikaanza kupitia mfuko mkuu wa Serikali. Bado ni ajira nzuri. Lakini anayekushauri kwa kumbukumbu za mwaka 2010 anakuelekeza kwenye shirika ambalo halipo tena kwa sura ile.

Ukilinganisha na polisi, maisha ya askari wa hifadhi yamegeuzwa. Polisi anahangaika na nyumba. Wa hifadhi anapewa pa kulala, tatizo ni pako wapi. Kambi ya doria katikati ya Tarangire au Serengeti haina kodi, haina daladala, haina hata duka la kukutoa elfu mbili. Fedha inabaki yote. Mke au mume anabaki Usa River na watoto, na unawaona ukipata mapumziko. Hatari nayo ni ya aina yake: nyati hajui cheo, na jangili wa siku hizi ana bunduki. Kwa kijana asiye na familia, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote kwenye orodha hii ya kuweka akiba. Kwa mwenye watoto wadogo, ndiyo ngumu kuliko zote.

Mlango wake si mpana. Aliyepita Pasiansi kule Mwanza, au Mweka hapo juu ya Moshi, anaanza mbele ya mwenye cheti cha kidato cha nne kitupu. Ada ya chuo iweke kwenye hesabu yako kama sehemu ya gharama ya kuipata kazi, maana polisi depo hulipi ada.

Kampuni za ulinzi

Hapa ndipo ukubwa wa mwajiri unapoandikwa kwenye sheria kabisa. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni kubwa, zile za kimataifa, kuwa shilingi 222,000, na wa kampuni ndogo 148,000. Sare zinafanana, lindo ni lilelile la Njiro usiku kucha, tofauti ni 74,000 kila mwezi. Amri mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 imepandisha viwango vya sekta binafsi, wastani wa kima cha chini ukitoka 275,060 hadi 358,322. Unapoitwa kwenye usaili, ulizia kiwango cha ulinzi kwenye amri hiyo na kampuni inajihesabu kundi gani. Meneja asiyejua jibu, au anayejifanya hajui, amekujibu.

Kwa viwango vile vya 2022, mlinzi wa kampuni kubwa akikatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anabaki na 199,800, na kodi hakatwi kwa sababu hajafika 270,000. Weka hizo pembeni ya 443,600 za kima cha chini cha Serikali uone umbali.

Ila mlinzi analindwa na ile Sheria ya Ajira ambayo polisi hanayo. Saa 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 kwa mzunguko wa wiki nne, zilipwe mara moja na nusu. Nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sasa angalia hali halisi: zamu ya saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, siku sita, ni saa 72 kwa wiki. Mshahara wa 222,000 ukigawanywa kwa saa ni kama 1,138. Ya ziada inakuwa takriban 1,700. Hata ukihesabu zile 50 tu zinazoruhusiwa, ni zaidi ya 85,000 kwa mwezi zinazotakiwa kuonekana kwenye slipu. Zikiwa hazionekani, unafanya kazi bure kwa zaidi ya wiki nzima ya saa 45 kila mwezi.

Kampuni kubwa kwa kawaida inapeleka michango NSSF, inatoa slipu, ina gari la kuwachukua walinzi. Kampuni ndogo ya mtaani inaweza kuwa na bosi mwema kuliko meneja yeyote, anayekukopesha mwanao akiugua, lakini michango ikasuasua, na siku mteja mmoja akivunja mkataba, nusu ya walinzi wako nje. Pata namba yako ya NSSF na uikague kwenye simu kila baada ya miezi mitatu. Ukikuta mapengo, nenda ofisi za NSSF mwenyewe. Kumwandikia bosi ujumbe hakujawahi kujaza pengo.

Mgambo wa halmashauri nao wapo, wale wa Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi wanaofukuzana na wamachinga. Wengi ni wa mkataba au malipo ya siku, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ichukue kama kazi ya kuanzia, iwe tu na tarehe ya kuiacha.

Nani aende wapi

Kijana wa kidato cha nne, mwenye afya, asiye na fedha za chuo: polisi kwanza, magereza pili, na aombe yote mawili msimu ukifika. Mwenye shahada na lugha, aliyetulia: uhamiaji, akijua kwamba anaweza kukosa mara mbili tatu. Mwenye miaka ishirini na kidogo, asiye na mtegemezi, anayependa pori kwa kweli na si kwa picha: apige hesabu ya Pasiansi au Mweka. Mwenye familia iliyoshika mizizi Machame au Tengeru, ambaye hawezi kuhama, asiombe jeshi lolote la taifa halafu aanze kutafuta mtu wa kumrudisha nyumbani. Bora kampuni kubwa ya ulinzi, au uaskari wa taasisi moja kama chuo, benki au hospitali, ambako hakuna uhamisho wa kwenda Mtwara.

Maombi ya majeshi haya ni bure. Anayekwambia ana mtu makao makuu na anataka laki tano "za kusukuma faili" anakuibia, hata kama anatoka ukoo wako.

Na wewe uliyeko lindoni sasa hivi huku ukisubiri tangazo la polisi, angalia umri wako. Matangazo ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 25 kwa kidato cha nne na sita, na 30 kwa wenye shahada. Hawataki michoro mwilini, na wanataka ambaye hajaoa wala kuolewa. Vyeti, namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa viwe na majina yanayofanana herufi kwa herufi. Jina moja likiandikwa Emmanuel huku na Emanuel kule, kurekebisha RITA na NIDA kunaweza kula msimu mzima wa maombi, na kwa mwenye miaka 24 huo ndio msimu wa mwisho.